Bitana ya Joho Jekundu

Alianza kulivua kabla hajamaliza ngazi za jukwaa.

Kijana wetu aliyecheza kirangozi, kiongozi wa msafara, alishuka kinyumenyume, mkono mmoja umeshika baragumu, wa pili unavuta vazi kulipitisha kichwani, na vazi halitaki kutoka. Satini ya nje ilikuja. Bitana, kitambaa cha ndani, ikabaki imemganda mgongoni kama karatasi iliyolowa. Nikamshikia baragumu, nikaingiza vidole kwapani, nikaibandua taratibu. Lilipotoka lote, nikaona mstari mwekundu umezunguka shingo yake, bega hadi bega, pale ambapo mshono wangu ulimsugua kwa muda wa dakika arobaini.

"Pole mwanangu. Lilikuwa linakubana?"

"Hapana mama, liko poa tu. Nilikuwa nasubiri tuishe."

Akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Usiku ule Bagamoyo watu walipiga makofi mpaka mwisho. Picha zilitoka nzuri, na kwenye picha vazi langu ndilo linalong'aa kuliko yote. Lakini wiki sita zilizofuata, kila nilipokaa kwenye cherehani, nilimsikia yule mtoto: nilikuwa nasubiri tuishe. Angelalamika ningemjibu. Ningemwambia habari za bajeti, habari za muda, habari za mwongozaji. Hakulalamika, kwa hiyo maneno yote ya kujitetea yalibaki mdomoni mwangu.

## Sababu za satini

Mwongozaji alitaka kirangozi aonekane na mtu aliyekaa safu ya mwisho kabisa. Ni haki yake. Kirangozi ndiye aliyetangulia msafara mzima, na asiyemwona amepotea njia. Akasema nyekundu, na iwe inang'aa.

Nikaenda Mtaa wa Uhuru, nikanunua satini mita mbili na nusu, na bitana ya poliesta ya rangi ileile. Nikakata kanzu fupi isiyo na mikono, inayofika magotini, ubavu umefungwa kuanzia kwapani mpaka chini.

Kwa nini bitana? Ukiniuliza siku ile ningekujibu bila kufikiri. Satini nyepesi ikipigwa na taa kwa nyuma inaonyesha mwili. Ukingo wake ukiukata unafumuka nyuzi mpaka unakata tamaa, kwa hiyo ni afadhali kila mshono ufichwe. Halafu ni nyepesi mno, peke yake inaelea, inashikwa na upepo wa bahari na kumwacha mtu kama bendera. Bitana inaipa uzito kidogo na kuifanya ishuke.

Zote ni sababu nzuri, na ndizo nilizofundishwa.

Ila zote zilikuwa sababu za satini. Hakuna hata moja iliyokuwa ya yule kijana.

## Njiti ya kiberiti

Nyumbani nilichukua kipande cha bitana iliyobaki, nikakiwasha juu ya sinia. Kila fundi anakijua kipimo hiki. Pamba huwaka kama karatasi, huacha jivu jepesi linalopotea ukilipuliza. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima mapema. Changu kilijikunja, kikayeyuka, kikaacha punje nyeusi ngumu iliyonatia kwenye sinia.

Nilikuwa najua. Hakuna aliyenidanganya dukani. Nilitaka tu kuiona.

Pamba ikikaa hewani tu hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho likitoka halina mahali pa kuingia, linabaki kati ya ngozi na kitambaa likitafuta njia ya kutokea. Na mimi nilikuwa nimeziba njia: tabaka mbili, ubavu umeshonwa, kwapa limebana, jioni ya pwani ambayo hewa yenyewe imeshashiba maji.

Nisiionee poliesta, kwa sababu imenisitiri mara nyingi. Haichuji haraka, haijikunji ukiipakia sandukuni, haipungui ikifuliwa. Na hilo la mwisho ndilo lililonifundisha mwanzo kwamba bitana na kitambaa cha nje ni watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Mwaka juzi nilishona kanzu nne za jukwaani za merikani, kitambaa cha pamba, ndani nikatia bitana ya poliesta, bila kuifua merikani kwanza. Zikafuliwa baada ya onyesho la kwanza. Merikani ikarudi nyuma, bitana ikabaki pale ilipo, na bitana za kanzu zote nne zikawa zinachungulia vidole viwili chini ya upindo. Tangu siku hiyo kila pamba inayoingia kwangu inalala kwenye beseni la maji kabla haijaona mkasi.

Kwa hiyo nilikuwa nimejifunza kuangalia jinsi vitambaa viwili vinavyoishi pamoja. Nilikuwa sijajifunza kuangalia nani yuko ndani yake.

## Jina lilikuwa la kitambaa

Ukisema joho, mimi akili yangu inakwenda kwa bwana harusi: jeusi, wazi kwa mbele, limedariziwa dhahabu ukingoni. Sikuwahi kuliunganisha na kirangozi.

Halafu nikakutana na maelezo ya Richard Burton, Mwingereza aliyepita njia ya msafara kutoka pwani hadi Ujiji miaka ya 1857 na 1858. Anamweleza kirangozi wa Kinyamwezi anayetangulia mbele ya wote. Amevaa kipande cha sufu nzito nyekundu kinachoitwa joho, urefu futi 6, kimetobolewa tundu katikati la kupitisha kichwa, ncha zake zinaning'inia mbele na nyuma. Kichwani ana ngozi ya mbega au ya paka mwitu, na juu yake manyoya ya ndege.

Burton alikuwa na dharau kwa watu aliowaona, na dharau hiyo imejaa kurasa zake. Sikuichukua. Nilichukua vipimo vya kitambaa, nikamwachia mengine yote.

Nilisoma mistari ile nikiwa nimesimama. Nikakaa.

Joho kumbe lilianza kama jina la kitambaa. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, *jukh*, na jukh ni sufu nzito. Sufu ya namna hiyo hufumwa, kisha huloweshwa na kupondwapondwa mpaka nyuzi zinashikana, haujui tena wima ni upi na mlalo ni upi. Ukiikata, ukingo haufumuki. Na kitambaa kisichofumuka hakihitaji upindo. Kitambaa kizito hakihitaji bitana ili kishuke. Kisichopitisha mwanga hakihitaji kusitiriwa.

Sababu zangu zote tatu zilianguka kwa mkupuo mmoja.

Vazi la kirangozi halikuwa na ubavu, halikuwa na mshono, halikuwa na bitana. Lilikatwa tu. Mimi nilikuwa nimetumia siku tatu kushona kitu ambacho mwenyewe hakukishona, kisha nikatumia bitana kuponya magonjwa ambayo niliyaleta mwenyewe kwa kuchagua satini.

## Sufu, Bagamoyo?

Hapo nilikwama wiki nzima.

Nimvalishe mtoto sufu nzito pwani, mwezi wa joto, chini ya taa? Fundi mwenzangu niliyemwuliza alinitazama usoni kuona kama ni mzima. Na mimi mwenyewe nilikuwa na hofu kwamba nimeshapenda hadithi ya kitambaa kuliko kitambaa.

Sufu ina tabia moja ya ajabu: inaweza kunywa maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaisikia imelowa. Lakini ni moto. Hakuna namna ya kulizunguka hilo. Kilichonipa moyo ni ubavu. Kipande kilichotobolewa tundu na kuachwa wazi pande zote mbili hakiufungi mwili. Mtu akitembea kinapepea, na kirangozi kazi yake ni kutembea. Nikajitwika blanketi zito la nyumbani, nikalikunja nusu, nikalining'iniza mabegani huku ubavu uko wazi, nikapiga pasi nguo za wateja kwa saa nzima. Nilitoka jasho. Lakini lilikuwa jasho linalokauka, si lile linalokugandisha.

Nikaamua kujaribu.

## Makoti mawili

Dukani sufu ya maana haikupatikana kwa fedha niliyokuwa nayo. Zile shuka nyekundu zenye mistari ni nyepesi, na zaidi ya hapo zina wenyewe. Ukimvalisha kirangozi shuka ya Kimasai unakuwa umesimulia habari nyingine kabisa. Nikaenda Karume, kwenye mitumba, upande wa makoti ya baridi ambayo Dar es Salaam hayana mteja.

Nikapata mawili ya kike, mekundu, marefu. Lebo ya moja ilisema sufu 80, nailoni 20. La pili halikuwa na lebo, nikaomba uzi mmoja wa upindoni, nikauchoma pale pale, ukanuka nywele. Muuzaji alicheka akanipunguzia.

Kabla ya kuyageuza kitambaa ilibidi niyafumue, na hapo ndipo nilipokawia kuliko nilivyopanga.

Koti lile la kwanza, ndani, lilikuwa kazi ya mtu anayejua. Bitana yake haikulingana na koti. Katikati ya mgongo, kuanzia shingoni, ilikuwa na mkunjo wa kama sentimita 2 uliofungwa juu kwa nyuzi chache na kuachwa huru chini. Ukinyoosha mikono mbele kama unayepokea mtoto, mgongo unatanuka, na mkunjo ule unafunguka kukupa nafasi; ukishusha mikono unajifunga. Kwapani bitana ilikuwa imepandishwa juu kidogo kuliko mshono wa koti, ipite juu yake bila kuuminya. Chini ilikuwa fupi kuliko koti kwa vidole viwili, na palikuwa na mkunjo mdogo wa kitambaa cha ziada, ili koti likishuka kwa uzito wake bitana isilivute juu.

Hivyo vyote havionekani ukilivaa. Yule fundi sitamjua jina wala nchi. Alikuwa amemfikiria mtu atakayenyoosha mikono.

Yangu niliikata kwa patani ileile ya satini, sawasawa, bila hata nusu sentimita ya ziada. Ndiyo maana kila mara kijana alipoinua baragumu mdomoni, vazi zima lilipanda naye na mshono wa shingo ukamkaba. Nilishakaa mazoezini nikaliona likipanda. Nilidhani ni jambo la kurekebisha kwa pasi.

Vipande vya makoti nikavitia kwenye beseni la maji ya moto sana na sabuni ya mche, nikavikanyaga kwa miguu kama mtu anayefua mablanketi. Maji yakawa mekundu kama bizari ya achari. Nikabadilisha, nikakanyaga tena. Mara ya nne yakatoka meupe, nikasugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa, hakikushika rangi. Vilipokauka vilikuwa vimepungua, vimekuwa vinene, vimelala kimya. Nikakata ukingo kwa mkasi mkubwa na kuukwaruza kwa kucha. Hakikutoka hata kiuzi.

Wekundu wa makoti ulikuwa mbalimbali kidogo. Mmoja nikauweka mbele, mwingine nyuma. Nikaviunganisha mabegani kwa kulaza ukingo mmoja juu ya mwingine, nikapiga mistari miwili ya cherehani. Mshono wenyewe ni huo tu.

## Kaba

Likabaki suala la shingo.

Sufu inauma, hasa shingoni, hasa penye jasho. Mkono wangu wa mazoea ulikwenda moja kwa moja kwenye kabati la bitana, nikaukamata.

Baba yangu mdogo alikuwa mshona kanzu Tanga. Niliyajua majina ya vipande vya kanzu kabla sijajua kusoma, maana alikuwa akiniagiza niviokote chini: badani, taharizi, kikwapa, sijafu, lisani, kaba. Kikwapa ni kile kipande kidogo cha kwapani kinachoufanya mkono uinuke bila kanzu kuinuka nao, na naona haya kuandika kwamba mimi niliyekiokota sakafuni nikakata vazi la kwapa la kubana. Kaba ni kitambaa cha ndani kinachozunguka shingo na kushuka mabegani. Kanzu ya kuvaa kila siku haina bitana. Ina kaba. Pale uzito unapokaa, pale jasho linapoanzia, pale kidole kinaposhika kila mtu anapoivaa, pametiwa kitambaa cha pili. Kwingine pote mwili umeachiwa hewa.

Nikakata kaba ya merikani, shubiri moja kushuka mgongoni, vidole vinne kifuani. Merikani ilikuwa imefuliwa mara mbili, wanga wote umetoka, laini kama nepi kuukuu.

Merikani haikunijia kwa kubahatisha. Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, konseli wao akafika Unguja 1837, na meli za Salem, mji wa bandari wa Marekani, zikawa zinashusha majora ya pamba hii na kupakia pembe na sandarusi. Vita vyao vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba, wengine wakaingia sokoni na merikani zao, ila jina likabaki. Njia aliyopita Burton ni ya kabla ya vita hivyo. Majora yaliyokuwa mabegani mwa wapagazi, nyuma ya lile joho jekundu, yalikuwa ya Marekani kweli. Nilipoilaza merikani chini ya sufu nilijisikia nimewaweka karibu, aliyetangulia na mzigo uliomfuata.

Lakini niseme wazi. Maelezo yanataja tundu la kichwa tu. Kaba ni yangu. Nimeitia kwa sababu kirangozi wangu ana miaka kumi na tisa na shingo yake naifahamu.

Niliishika kwa mkono, si kwa cherehani, kwa mishono mirefu mabegani na nyuma ya shingo, ncha za chini nikaziacha huru. Sufu na pamba hazitembei pamoja. Ukizifunga pande zote moja itamkunja mwenzake. Na mishono mirefu inafumuliwa kwa dakika mbili, kaba ikafuliwe peke yake bila kulilowesha joho zima.

## "Halimeti"

Mwongozaji alilipokea kwa mikono miwili, akalipima uzito.

"Dada, hili halimeti."

"Halimeti, kaka."

"Sasa safu ya mwisho?"

Sikuwa na jibu la maneno. Nikamwomba awashe taa. Tukamsimamisha kijana, kwanza na satini. Kwenye mwanga mkali satini ilivunjika: hapa jeupe, hapa waridi, kwenye mikunjo jeusi. Ukirudi nyuma unaona kitu kinachometameta, ila hujui ni rangi gani. Kisha tukamvika joho. Sufu iliumeza mwanga. Likawa jekundu, jekundu moja tu, kutoka bega hadi ncha, na nyuma yake mtu.

Akamwambia apige baragumu. Kijana akainua mikono yote miwili. Joho likabaki palepale, ncha tu ndizo zilizoyumba. Niliangalia shingo, sikumwangalia mwongozaji.

Mwongozaji alitembea mpaka viti vya mwisho, akasimama huko kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, akarudi.

"Satini itamfaa nani?"

Nikamwambia nitaikata vitambaa vya kichwa.

## Onyesho la pili

Ilikuwa jioni yenye joto kuliko ile ya kwanza. Nilikaa pembeni ya jukwaa na ndoo ya maji, kanga na unga wa mtoto, nimejiandaa kwa vipele.

Alishuka ngazi uso mbele. Akanipa baragumu nimshikie, akapita. Nikadhani ameona maji. Nilipomaliza kukusanya mavazi ya wengine, nikahesabu, likapungua moja.

Nikamkuta kwa mama anayetupikia, amekaa mkekani na wenzake, sahani ya wali na samaki mbele yake. Ncha ya mbele ya joho ameitupia begani ili isiguse mchuzi. Alikuwa anabishana na mtu habari za mpira.

"Joho langu," nikasema.

"Ndiyo mama," akasema, akaendelea kula.

Ilinibidi nimwite mara ya pili ndipo akalivua. Nikaligeuza kwenye mwanga. Kaba ilikuwa imelowa chapa, sufu juu yake ina unyevu kidogo tu. Nikafumua nyuzi za mabegani, nikaifua kaba kwenye ndoo ileile niliyokuja nayo, nikaianika kwenye kamba ya hema.